Sauti ya Kununua Ina Gharama ya Kuitunza

Mgonjwa wa saratani ya koo akiambiwa kwamba kisanduku cha sauti lazima kitolewe, ukoo mzima hukimbilia hela za upasuaji. Mchango hupitishwa, kundi la WhatsApp hufunguliwa, ng'ombe huuzwa, mjomba aliye Muscat hupigiwa simu. Hela zikitimia watu hushusha pumzi. Lakini bili ya chumba cha upasuaji hulipwa mara moja. Inayofuata hulipwa mwezi baada ya mwezi, kwa miaka yote ambayo mtu atajaliwa kuishi, na hiyo ndiyo ambayo mara nyingi hakuna aliyeiulizia bei.

Makala haya yanailinganisha hiyo bili ya pili: sauti zipi zinapatikana baada ya upasuaji, zinagharimu nini siku ya kununua, na zitakuwa zimegharimu nini ukifika mwaka wa tatu. Vifaa karibu vyote hutoka Ulaya, Marekani au Asia. Kwa hiyo bei nimezianza kwa dola na kuzigeuza kwa shilingi 2,500 za Tanzania au 130 za Kenya kwa dola moja, hesabu ziwe nyepesi. Zichukue kama makadirio. Usafirishaji, ushuru na faida ya muuzaji huja juu yake.

Kwanza kinachobadilika mwilini. Koo likiwa zima, hewa na chakula hupita njia moja kabla ya kuachana, na kisanduku cha sauti ndicho bawabu anayezuia chai isiingie mapafuni. Kikitolewa chote, madaktari hulivuta bomba la hewa na kulishonea kwenye ngozi, chini ya shingo kwa mbele. Hapo panabaki tundu la kudumu. Mtu hupumua hapo, hukohoa hapo, na makohozi hutokea hapo. Sauti hupotea kwa sababu hewa ya mapafu haifiki tena mdomoni, ila ulimi, meno na midomo viko vilevile, vinangoja mtetemo tu viuumbie maneno.

Upasuaji huu wa saratani ulifanywa kwa mara ya kwanza na Theodor Billroth mjini Vienna mwaka 1873, na msaidizi wake Carl Gussenbauer akamtengenezea mgonjwa yule kifaa cha kusemea. Tangu mgonjwa wa kwanza, basi, ilieleweka kwamba anayetoa sauti anadaiwa nyingine. Kwetu deni hilo halijalipwa vizuri. Wapo madaktari wa koo wanaojua kukata, kwenye hospitali za Muhimbili na Kenyatta, lakini wataalamu wa tiba ya usemi wa kumfundisha mtu kuongea upya ni wachache mno.

Kabla ya kusaini

Uliza kwanza kama lazima kitolewe. Mwaka 1991 madaktari wa hospitali za maveterani nchini Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa 332 waliokuwa na saratani ya kisanduku cha sauti iliyokwisha kukua. Kundi moja lilifanyiwa upasuaji, kisha likapewa mionzi. Kundi la pili lilianzishiwa dawa za kemo, kisha mionzi, upasuaji ukawekwa akiba. Baada ya miaka miwili asilimia 68 walikuwa hai katika kila kundi, na katika lile la dawa asilimia 64 walikuwa wamebaki na kisanduku chao.

Kwa msomaji wa huku hesabu hiyo ina kipande cha ziada. Mionzi ya kuokoa koo hutolewa siku tano kwa wiki, kwa takriban wiki saba. Anayetoka Sumbawanga kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road anahitaji chumba Dar es Salaam, chakula, na ndugu wa kumhudumia kwa muda wote huo. Kisha anatakiwa kurudi tena na tena kuchunguzwa, maana saratani ikirudi bila kuonwa mapema, kisu nacho hupungukiwa nguvu. Tena koo lililookolewa si lazima lifanye kazi. Wapo wanaobaki nalo huku kila funda la maji likiwapalia. Na saratani ikishatoboa gegedu, kwa kawaida madaktari hushauri upasuaji tangu mwanzo. Kubaki na koo ni chaguo zuri kwa anayeweza kurudi kliniki kila anapoitwa. Asiyeweza, alifikirie mara mbili.

Jambo jingine ambalo ndugu hulisahau ni kumuuliza mwenye koo. Mwaka 1981 Barbara McNeil na wenzake waliwauliza watu 37 wenye afya njema, wazima moto na mameneja, kama wangekubali kupunguza nafasi yao ya kuishi ili wabaki na sauti. Takriban mmoja kati ya watano alisema angekubali. Huenda baba yenu ni mmoja wa hao, huenda siye. Muulizeni angali anaweza kujibu.

Sauti isiyonunuliwa

Sauti ya umio haina kifaa. Mtu hujifunza kuisukuma hewa kutoka mdomoni hadi sehemu ya juu ya umio, kisha kuiachia kama anayepiga mbweu. Kuta za hapo hutikisika na mdomo ukaumba neno. Haihitaji betri, haizibwi kwa kidole, wala hakuna cha kuagiza nje. Kwenye karatasi ndiyo nafuu kuliko zote.

Gharama yake ni miezi ya mazoezi, na mwalimu. Si kila anayejaribu hufika. Wapo wanaojitahidi nusu mwaka wakaambulia sauti ya kuitikia salamu tu. Hewa inayokaa umioni haifikii hata mililita 100, wakati mapafu hubeba lita kadhaa, kwa hiyo pumzi moja hutosha silabi chache. Maneno yetu ni marefu: "nitakupigia baadaye" ni silabi kumi, na huenda ikamkatikia mtu njiani. Wanaoimudu hujifunza kusema kwa vipande vifupi, na sauti yenyewe ni ya chini. Sebuleni inatosha. Sokoni Kariakoo au Gikomba haitoshi.

Sauti ya mashine

Ya pili ni mashine ndogo ya betri inayoshikwa kwa mkono na kugandamizwa shingoni, chini ya taya. Inatikisa ngozi, mtikisiko unaingia mdomoni, na mtu anatamka kama kawaida bila kutoa hewa. Faida yake kubwa ni haraka. Hata shingo ikiwa bado na mshono na uvimbe, mrija mwembamba unaofungwa kwenye mashine huingizwa pembeni mwa mdomo, na mgonjwa anaweza kuwaambia wauguzi anaumwa wapi bila kuandika.

Mashine za Ulaya na Marekani huuzwa kwa dola 500 hadi 800 hivi, yaani shilingi milioni 1.25 hadi 2 za Tanzania, au 65,000 hadi 104,000 za Kenya. Zipo za bei ya chini zaidi kutoka China. Ikitunzwa hudumu miaka. Chukua ya dola 700, igawe kwa miaka mitano: ni dola 140 kwa mwaka, shilingi 350,000 za Tanzania, chini ya shilingi 1,000 kwa siku. Kabla ya kulipa, uliza betri. Aina nyingine hutumia betri ya mraba ya volti 9 ambayo utaipata dukani. Nyingine zina betri yake maalumu ya kuchaji, ikifa unaanza kuagiza. Na kama shingo imepigwa mionzi ikakakamaa, usinunue kabla ya kuijaribu. Mtetemo unaweza kukataa kupenya, ikabidi uishike shavuni au utumie ule mrija maisha yote.

Kuna kasoro ambazo vijitabu vya watengenezaji havitamwambia msemaji wa Kiswahili. Mashine inanguruma muda wote, hata kwenye herufi zisizotaka mngurumo, kwa hiyo "t" huelekea kusikika kama "d". Ukiomba chai tamu, mgeni anaweza kusikia chai damu. Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Sisi huuliza kwa kupandisha sauti tu: "Amelala" na "Amelala?" ni neno lilelile. Mashine nyingi ni za sauti moja isiyopanda wala kushuka, na swali hugeuka taarifa. Dawa yake ni bure: tanguliza "je" kila unapouliza, na waambie watu wa nyumbani wakuangalie usoni unaposema. Zipo zenye kitufe cha kupandisha sauti kulingana na mgandamizo wa kidole. Kwa Kiswahili ningeongeza hela kidogo nipate hiyo.

Mkono mmoja, bila shaka, huwa na kazi muda wote. Kwa fundi cherehani au dereva hilo si dogo.

Sauti ya vali

Ya tatu ndiyo inayopewa sifa kuliko zote, na kwa ubora wa sauti inazistahili. Eric Blom na Mark Singer waliibuni Indianapolis, Marekani, mwaka 1979. Daktari hutoboa kitundu kati ya bomba la hewa na umio, na kupachika kivali cha silikoni kinachofunguka upande mmoja tu. Mtu akiziba tundu la shingo kwa kidole gumba na kutoa pumzi, hewa ya mapafu hupita kwenye vali hadi umioni na kuutikisa. Kwa kuwa ni hewa ya mapafu, sentensi inafika mwisho. Sauti ni nzito na ya kukwaruza, lakini inapanda na kushuka, swali linasikika swali, na wengi huanza kuzungumza siku chache baada ya kuwekewa.

Tatizo ni kwamba vali huisha. Inakaa mahali penye joto, mate na mabaki ya chakula, na fangasi huota juu ya silikoni mpaka mlango wake haufungi sawasawa. Dalili huonekana kwenye kikombe: kila funda la chai linaleta kikohozi, maana linavuja kuingia njia ya hewa. Mwingine hukaa nayo zaidi ya mwaka, mwingine wiki chache. Makadirio ya miezi miwili hadi sita si mabaya.

Sasa piga hesabu. Vali inayowekwa na mhudumu wa afya huuzwa kwa dola 200 hadi 400 hivi. Tuseme 250, na tuseme zinakwenda nne kwa mwaka. Ni dola 1,000: shilingi milioni 2.5 za Tanzania, au 130,000 za Kenya, kila mwaka. Hapo hujalipa kliniki wala nauli, na kwa wengi wetu nauli ndiyo sura halisi ya gharama hii. Kubadilisha vali ni kazi ya dakika chache kwa aliyefunzwa. Lakini aliyefunzwa yuko mjini, na vali haivuji kwa miadi. Anayeishi Kigoma au Lodwar atakunywa uji mzito (mzito huvuja kidogo kuliko chai) huku akitafuta basi.

Ipo aina ambayo mgonjwa mwenyewe hufundishwa kuitoa, kuisafisha na kuirudisha. Ni rahisi zaidi kwa bei na humpunguzia mtu safari, ila inataka macho yanayoona vizuri, vidole visivyotetemeka na moyo mkavu mbele ya kioo. Na huko Bengaluru, India, daktari Vishal Rao alibuni vali iliyotangazwa kwa rupia 50, chini ya dola moja. Vali ya bei hiyo inakuonyesha kwamba silikoni siyo inayofanya nyingine ziwe ghali. Ukiisikia inauzwa huku, uliza kwanza kama imesajiliwa, na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) kwa Tanzania au Bodi ya Dawa na Sumu kwa Kenya.

Usinunue katoni. Muuzaji atakupa punguzo na ndugu wa Ughaibuni atataka kutuma za mwaka mzima kwa mpigo, lakini vali hupimwa urefu kwa milimita, na miezi ya mwanzo uvimbe unapopungua kipimo hubadilika. Ya leo inaweza kuwa ndefu mno baada ya Krismasi. Nunua moja ya kuvaa na moja ya akiba. Na uwe na mrija wa mpira nyumbani, uliofundishwa kuutumia, kwa sababu vali ikidondoka kitundu huanza kujifunga ndani ya saa chache, na kukitoboa upya ni upasuaji mwingine.

Anayesoma mtandaoni kwamba vali ndiyo bora, akumbuke wanaoandika hivyo wanaishi wapi. Uingereza vifaa hivi hutolewa na NHS, huduma ya afya ya serikali, bila mgonjwa kutoa hela mfukoni. Ubora wa sauti ni uleule, ila hesabu siyo ileile.

Simu, kwa ufupi

Simu janja yenye programu ya kusoma maandishi kwa sauti ni chaguo la nne. Sauti ya Kiswahili ipo kwenye huduma ya Google na hailipiwi. Inafaa kwa wakala wa M-Pesa na dirisha la hospitali. Kubishana na konda haiwezi, na kwa asiyejua kusoma haisaidii kitu.

Gharama kubwa haiko kwenye sauti

Hojaji ya Ulaya inayotumiwa sana kupima ubora wa maisha ya wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo ina maswali 35. Yanayohusu usemi ni matatu. Mengine yanauliza kumeza, kula mbele za watu, harufu, kikohozi, maumivu, meno, tendo la ndoa. Sisi tunaomhurumia mgonjwa kwa sababu hasemi tunayaona maswali matatu tu ya maisha yake.

Hewa ndiyo inayokula hela. Pua ilikuwa ikiipasha hewa joto, kuilowesha na kuichuja; tundu la shingoni halifanyi hata moja. Hewa kavu na vumbi huingia moja kwa moja, makohozi yakazidi, yakakauka, yakaziba. Kifaa cha kuzuia hayo ni kichujio kidogo kinachovaliwa juu ya tundu, ambacho hushika unyevu wa pumzi inayotoka na kuurudishia inayoingia. Kimoja ni dola tatu hadi sita na hubadilishwa walau kila siku. Kwa dola nne ni dola 120 kwa mwezi, shilingi 300,000 za Tanzania; kwa mwaka dola 1,440. Ni zaidi ya vali nne. Wala hakioshwi: maji huondoa chumvi inayoshika unyevu, na kilichooshwa kinaonekana kizima huku hakifanyi kazi.

Wengi hawawezi bei hiyo, na kuwaambia wajitahidi ni kuwaonea. Faida kamili huja kwa kukivaa usiku na mchana. Asiyeweza, na afunike tundu kwa kitambaa cha pamba chepesi kilicholoweshwa kidogo, kisichotoa nyuzi, kinachobadilishwa mara kadhaa kwa siku. Kikishonwa na fundi wa mtaani, vitano au sita ni bei ya kilo chache za sukari. Hakifikii kichujio, lakini ni bora mara nyingi kuliko tundu wazi nyuma ya bodaboda. Kwenye baridi ya Njombe au Nairobi mwezi wa Julai utakihitaji kuliko Tanga. Vichujio vichache ulivyonavyo viweke kwa siku kama hizo.

Mengine hayagharimu hela nyingi, yanataka kujulikana tu. Pua isiyopitisha hewa hainusi, kwa hiyo mtungi wa gesi ukivuja jikoni yeye hatajua. Mtu mwingine na awe ndiye anayewasha jiko, au mtungi ukae nje. Wataalamu wa Amsterdam hufundisha namna ya kupiga mwayo midomo ikiwa imefungwa ili hewa ivutwe puani, na wengi hurudishiwa harufu hivyo, bila senti. Maji yakiingia tunduni yameingia mapafuni: ndoo na kopo ni salama kuliko bomba la mvua, wudhu unataka uangalifu, na mvuvi atalazimika kutafuta kazi ya nchi kavu. Kubeba mizigo mizito nako kunakuwa kugumu, kwa kuwa mtu hawezi tena kubana pumzi. Aliyepigwa mionzi shingoni apimwe homoni za tezi ya shingo. Uchovu na baridi anavyolalamikia vinaweza kutibika kwa kidonge cha bei rahisi. Chakula kikianza kukwama, arudi hospitali. Umio huweza kubana na ukapanuliwa, na pia inaweza kuwa saratani imerudi.

Bima iulizwe kwa maandishi. Kenya ilihamia mfumo wa bima wa SHA Oktoba 2024, na Tanzania ilitunga sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023. Mwenye kadi asidhani kwamba palipoandikwa "saratani" vali na vichujio vimo. Vifurushi huhesabu upasuaji, mionzi na dripu. Kinachovaliwa nyumbani miaka mitatu baadaye ni swali jingine.

Kwa hiyo ninunue nini? Anayeishi karibu na kliniki inayoweka vali, yenye akiba ya vali kabatini leo na si "zitakuja", na mwenye bima au watoto wa kuzilipia, achukue vali. Hakuna sauti inayoikaribia. Anayeishi safari ya siku nzima kutoka kliniki hiyo anunue mashine, ile yenye kitufe cha kupandisha sauti ikiwezekana, na aanze mazoezi ya sauti ya umio papo hapo ili siku betri ikifa asibaki bubu. Hapotezi kitu kwa kungoja, kwa sababu kitundu cha vali kinaweza kutobolewa hata miezi au miaka baada ya upasuaji. Na yeyote awaye, hela ya kwanza kabisa itolewe kwa ajili ya tundu, kabla ya sauti.

Siku ya kusaini fomu, mwombe daktari akuandikie kwenye karatasi nani atabadilisha vali, wapi, kwa bei gani, na mgonjwa afanye nini ikidondoka usiku. Asipoweza kukuandikia, chukua mashine. Na mwenye tundu atembee na kadi shingoni au mfukoni inayosema anapumulia shingo, maana akizimia barabarani watu wataiweka oksijeni puani, na huko haifiki popote.